Mmoja Kati ya Wangapi

Seminarini, 4 Februari 2024

Kwako Shangazi Mwanasha,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila baridi ya huku bara imeniingia mifupani na haitaki kutoka. Mama ameniandikia kwamba nyumbani Shimba Hills wote ni wazima na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Baba anakohoa kidogo lakini anakataa kwenda hospitali, unamjua.

Ni Mama pia aliyenipa habari ya msiba. Pole sana, Shangazi. Mjomba Alfani nilimwona mara moja tu, mlipokuja shuleni kunitazama nikiwa darasa la sita, na bado nakumbuka mahamri yake, moto ndani ya gazeti. Niliomba ruhusa ya kuja kuzika nikakataliwa. Kanuni ya hapa inahesabu wazazi na ndugu wa tumbo moja tu.

Sasa kuna jambo. Mwaka huu tunasoma historia ya falsafa, ya kale na ya zama za kati. Mwalimu wetu, Padre Chome, ni Mduruma wa Kinango na ana ukali wake. Ametuamuru kila mwanafunzi achague jamaa ambaye hajasoma mambo haya, amweleze kwa barua, kwa Kiswahili, kisha alete darasani maswali ya jamaa huyo. Anasema usichoweza kumweleza shangazi yako hujakielewa. Wenzangu walicheka, mimi nikaona amekutaja wewe. Simu tumenyang'anywa mpaka likizo, kwa hiyo tutaandikiana.

Basi somo la kwanza. Kama miaka mia sita kabla ya Kristo, Wayunani fulani wa pwani walianza kuuliza: vitu vyote hivi, chini kabisa, ni kitu gani? Wa kwanza akasema ni maji. Mwingine akasema ni hewa, mwingine moto. Wazee wao walikuwa na majibu ya miungu. Hawa wakataka jibu ambalo mtu anaweza kulibishia, na hapo ndipo falsafa ilipoanza. Una swali gani?

Mwanao,
Ndolo


Msambweni, 26 Februari 2024

Mwanangu Ndolo,

Marahaba. Barua yako imefika, Ummi ameniletea kutoka posta. Ummi ni mpwa wa marehemu, ndiye anayekaa nami na kunishikia mlango. Hapa ni salama, alhamdulillahi. Joto ni lile lile, na minazi ya jirani yetu Swabir imeingiwa na kidudu, anaizunguka kutwa kama mganga.

Pole yako nimeipokea. Mimi niko eda. Huko kwenu neno hili hakuna, kwa hiyo leo acha mimi niwe padre: mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku zake juu. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, wala haonani na mwanamume wa kando. Siku ni ndefu, mwanangu. Alfani alikuwa na tabia ya kuimba akikanda unga, wimbo mmoja huo huo, na nilikuwa nikimkanya. Kimya cha sasa hakina wa kukanywa.

Huyo Myunani aliyesema kila kitu ni maji, nadhani hakuwahi kuyateka. Angeyateka angesema kila kitu ni ndoo. Swali langu kwa Padre ni hili: hao watu waliulizana, au kila mmoja alijiuliza peke yake? Mimi nina maswali mengi humu ndani na hayana pa kwenda.

Nina na langu, nalo si la falsafa. Babako hakuja kuzika, wala hakuja kwenye hitima. Kutoka Shimba Hills hadi hapa ni safari ya asubuhi moja. Niliposilimu nikaolewa na Alfani, alisema hana dada. Sawa, nilikuwa kijana, naye alikuwa na hasira zake, na miaka ishirini na mitatu imepita. Lakini nilidhani mauti yatamleta. Mpaka leo mlango ukibishwa nasikiliza kama ni sauti yake. Muulize kwa nini hakuja. Muulize wewe, maana mimi sina hata namba yake. Nataka tuonane kabla mmoja wetu hajamtangulia mwenzake, basi. Jingine kwake sitaki.

Shangazi yako,
Mwanasha


Seminarini, 17 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimekutana, wewe unafunga na mimi nafunga, ingawa Padre Chome anasema mfungo wenye uji wa saa nne ni kuwadhihaki Waislamu. Mama anasema mvua bado, wanatayarisha shamba.

Swali lako nililipeleka darasani. Padre amejibu kwamba waliulizana, tena sokoni, na mmoja wao hakuandika hata mstari. Aliwauliza watu maswali mpaka wakachoka naye, wakamhukumu kunywa sumu. Kwa hiyo usihofu, wapo wenzako.

Sasa tumefika mbali. Wayunani wa mwisho mwisho walisema kwamba juu ya vitu vyote yuko Mmoja. Hahitaji kitu, hamtafuti mtu, na kila kilichopo kinabubujika kutoka kwake bila yeye kupungukiwa. Maandiko yao yalifika Baghdad, yakafasiriwa kutoka Kiyunani na Kisiria kwenda Kiarabu, na miaka mia kadhaa baadaye, huko Uhispania, yakatolewa katika Kiarabu kwenda Kilatini. Yaani mapadre wa Ulaya waliwasoma Wayunani kwa mkono wa Waislamu. Padre aliposema hivyo wenzangu waliandika tu. Mimi nilikuwaza wewe.

Na kuna tabibu mmoja Mwajemi, Mwislamu, aliyetoa mfano huu. Chukulia mtu ameumbwa mara moja, mtu mzima, akatundikwa hewani. Haoni, hasikii, hagusi kitu, hata vidole vyake havigusani. Je, atajua kwamba yupo? Tabibu anasema atajua, na kwa hiyo nafsi si mwili.

Mfano huu umenikaa. Hapa tuko themanini na tunakula kimya, mmoja anasoma maisha ya watakatifu huku wengine wakitafuna. Kuna siku nainua macho kutoka kwenye sahani najiuliza kama yupo mtu mezani anayejua kwamba nipo. Lakini usijali, ni baridi tu.

Habari nyingine za nyumbani sina.

Mwanao,
Ndolo


Msambweni, 15 Aprili 2024

Ndolo mwanangu,

Marahaba. Idd ilikuwa Jumatano. Watoto wa jirani walikuja na nguo mpya kuomba sikukuu, nikawapa kupitia dirishani. Ummi alipika biriani ya watu kumi, tukaila wawili. Mvua imeshika.

Barua yako nimeijadili na Ummi mpaka akanikimbia. Kwanza, huyo Mmoja. Mmoja kati ya wangapi? Nenda kwa muuza samaki umwambie nipe mmoja, ataangalia fungu. Mmoja daima ana wenzake wa kuhesabiwa nao. Sisi kwenye darsa tulifundishwa kwamba Mwenyezi Mungu ni mpweke, hana mshirika. Nilipokuwa mgeni katika dini neno hilo lilinitoa machozi, nikadhani wanasema Mungu ana ukiwa, maana kwetu mpweke ni mtu aliyeachwa. Alfani alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza: mpweke wa watu ni yule aliyekosa mwenzake, na Mpweke wa mbinguni ni yule asiyehitaji mwenzake. Mwambie Padre alitazame neno hilo.

Na ndiyo maana nasema, asiyehitaji mtu ni Mungu tu. Binadamu akijifanya hivyo anajivika kanzu isiyo yake, na mikono itampwaya. Nadhani unajua ninamsema nani.

Pili, mtu wako wa hewani. Tabibu namheshimu, lakini yeye hakukaa eda. Mimi nimekaa mwezi wa tatu sasa, na zipo saa ambazo nilisahau kama nipo. Kilichonikumbusha ni mtu kubisha hodi nami nikalazimika kuitika. Huyo aliyetundikwa, kama hakuna wa kumwita, anajua nini?

Sasa nikuseme. Nilikuuliza jambo moja ukanijibu kwa Baghdad. Usiniandikie kurasa za watu waliokufa miaka elfu ukashindwa kunipa mstari wa mtu aliye hai Shimba Hills. Kama umemuuliza babako akatoa maneno mabaya, niandikie maneno yenyewe. Nimeshakuwa mtu mzima, maneno siyaogopi. Ninachoogopa ni kimya.

Shangazi yako,
Mwanasha


Seminarini, 2 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Usinikasirikie kwa kukawia. Nilikuwa nyumbani likizo, na mvua ilikata barabara nikachelewa kurudi. Mama mzima. Kikohozi cha Baba bado kipo.

Ni kweli nilikuwa nakwepa. Baba hasomi barua, na kusema haki namwogopa. Safari hii nilimuuliza tukipalilia mahindi, yeye mstari wake na mimi wangu, kwa sababu Baba huwezi kumuuliza jambo akiwa anakutazama. Alipalilia mpaka mwisho wa mstari ndipo akajibu. Nakuandikia maneno yenyewe kama ulivyotaka.

"Nilienda," alisema.

Shangazi, alikuja. Habari ilimfikia mkiwa mmeshazika, akaondoka kesho yake alfajiri. Alishuka Msambweni akaulizia kwa Alfani wa mahamri, akaoneshwa nyumba, akakuta turubai na viatu vingi nje. Mlangoni palikuwa na msichana. Baba akamwambia, "Nimekuja kumwona Kamene." Msichana akasema hapa hakuna Kamene. Baba akasema, "Kamene, aliyefiwa." Msichana akasema aliyefiwa ni Bi Mwanasha, naye yuko eda, haonani na wanaume. Baba hakuuliza tena. Aligeuka akarudi.

"Kumbe hata jina lake amewaficha," aliniambia. "Halafu mimi nahesabiwa na wanaume. Tangu lini nikawa mwanamume kwa Kamene? Nilimbeba mgongoni tukivuka mto." Akaingia mstari mwingine, akapalilia mpaka jua likazama.

Mimi sijui. Hiyo ni sheria, au ni wewe uliyekataa? Nieleze.

Wiki hii Padre alitufundisha habari ya kitabu kimoja. Kiliandikwa na Myunani mmoja, ni kile chenye habari za yule Mmoja. Kilipofasiriwa Baghdad kikawekwa jina la Myunani mwingine, mashuhuri zaidi, na watu wakakisoma kwa jina hilo miaka mia kadhaa. Wanazuoni walijitesa kupatanisha maneno ya mtu na maneno ambayo hakuyasema. Padre hakuona dalili ya hila, alisema huenda ni jina tu lililopotea njiani. Wenzangu waliona ni kichekesho. Mimi nilimwona Baba amesimama nje ya turubai lenu.

Mwanao,
Ndolo


Msambweni, 19 Juni 2024

Ndolo,

Marahaba. Sote wazima. Eda imekwisha. Nilikwenda Ukunda kununua viatu, nikarudi bila viatu kwa sababu kelele za tuktuk zilinishinda.

Barua yako niliisoma nimesimama.

Kaka ni maharimu. Neno hili mwambie babako polepole. Mwanamume wa kando ni yule anayeweza kunioa. Baba si wa kando, kaka si wa kando, wala wewe mwana wa kaka. Baba yetu ameshakufa, na mimi sikujaliwa mtoto. Kwa hiyo miezi ile yote, wanaume waliobaki duniani wa kuvuka kizingiti kile na kukaa nami bila haja ya mimi kujifunika walikuwa yeye na nyinyi wanawe, na wewe ulizuiwa. Nilikuwa pale ndani, Ndolo. Kati yetu palikuwa na pazia. Angepaza sauti kidogo tu ningemtambua.

Nimemuuliza Ummi. Ndiye. Anamkumbuka mzee wa bara mwenye kofia. Alidhani amepotea nyumba, kwa sababu jina la Kamene hajalisikia tangu azaliwe. Analia tangu jana na chakula hataki. Nimemwambia hana kosa, alisema alivyofundishwa, naye asingeweza kujua. Na mwambie babako sikumficha mtu jina langu. Lilikosa wa kuliita. Hapa nilipokewa kama Mwanasha, na wale waliokuwa wakiniita Kamene hawakuja.

Utaniuliza kwa nini nisiende mimi. Alisema mbele ya mama yetu kwamba nisikanyage uwanja wake, na kiapo cha mkubwa hakivunjwi na mdogo. Akivunje mwenyewe. Mimi sijaapa lolote, na mlango wangu anaujua.

Leo usiniandikie falsafa.

Shangazi yako,
Mwanasha


Seminarini, 14 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Falsafa umenikataza, siandiki.

Leo ilikuwa Jumapili ya wageni. Baba amekuja peke yake, alipata lifti ya lori la jamaa yetu wa Mackinnon Road. Ameniletea ndizi na sweta aliyofuma Mama. Tulikaa kwenye benchi nyuma ya kanisa nikamsomea barua yako yote, na pale penye neno maharimu nikasoma mara mbili. Aliikunja ile barua, akaikunjua, akaikunja tena.

Baadaye sana, tukiwa tumeshahamia mazungumzo ya mbolea, akaniuliza, "Huko wanamwitaje?"

Nikamwambia. Unajua Kikamba hakina sauti hiyo, akatamka Mwanasa. Nikamrekebisha. Akasema tena Mwanasa, akakasirika, akasema jina gani hili la kumkwaza mtu ulimi. Lakini alipokuwa anapanda lori nilimsikia analirudia chini chini.

Sijui kama atakuja. Nakwambia nilichokiona tu.

Mwanao,
Ndolo


Msambweni, 11 Agosti 2024

Mwanangu Ndolo,

Marahaba. Baridi ya Agosti imefika hata huku, najifunika shuka mbili. Ummi amepata kazi ya kushona Ukunda na siku za kazi analala huko, kwa hiyo nyumba nimebaki nayo mimi na paka.

Babako alikuja Alhamisi. Nilikuwa uani nachagua mchele, nikasikia sauti nje inamuuliza Swabir, "Hapa ndipo kwa Mwanasa?" Swabir akasema Mwanasa hayupo, yupo Mwanasha. Sauti ikasema, "Huyo huyo. Ni dada yangu."

Ungo ulinitoka mkononi. Mchele wenyewe kuku waliumaliza.

Usitarajie nikwambie tulikumbatiana. Tulisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya hospitali. Amekonda, Ndolo, na kichwa chote cheupe. Miaka yote nilikuwa nangojea mtu mwenye nywele nyeusi, nikafungua mlango nikamkuta baba yetu. Nilimpikia muthokoi wa mahindi na maharage kama wa mama yetu, ambao sijaupika tangu niolewe. Aliula akasema chumvi haitoshi. Tulizungumza mvua, mahindi, na wewe, na tukikwama tulirudi kwako. Alitaka kuona kaburi la Alfani. Swabir akampeleka, na Swabir ameniambia alivua kofia akasimama mpaka wapita njia wakaanza kumtazama. Hakuomba radhi, wala mimi sikuomba. Aliniita Kamene, akaniita na lile jina jingine, vibaya. Sikumrekebisha.

Alasiri akasema hapendi kusafiri gizani. Nilimsindikiza hadi barabarani.

Nilidhani nitarudi nyumbani na moyo mweupe. Nikaingia, nikakuta kiti alichokuwa amekivuta karibu na dirisha, nikashindwa kukirudisha mahali pake. Ndolo, nilikaa eda yote na nikastahimili. Nilimlia Alfani, na Alfani harudi, mtu huzoea. Babako nilishamhesabu na waliokufa ingawa mdomoni nilisema namngoja. Sasa nimemwona. Najua anavyotafuna upande mmoja kwa sababu ya jino, najua anavyokohoa akicheka. Yuko hai, yuko safari ya asubuhi moja, na amezeeka bila mimi kuwapo. Nilidhani nilikuwa mpweke humu ndani. Haikuwa hivyo, nilikuwa peke yangu tu. Upweke umeanza Alhamisi alipoondoka.

Padre wako akiuliza, mwambie hili silo swali, nimekuandikia tu.

Mwandikie mamako amwambie aje tena. Asingoje msiba.

Mimi shangazi yako